Siku Mama Aliposhindwa Kutaja Jina Langu

Watu huniuliza inakuwaje mtu mwenye mvi kidevuni anabeba magogo ya kutengenezea karatasi hapa Mgololo, badala ya kukaa ofisini akaandika kwenye hiyo karatasi. Huwajibu kwamba nimesoma. Wakiuliza mpaka wapi, nasema darasa la kwanza. Wakicheka, naongeza kwamba hata hilo sikulimaliza, ili wacheke mara moja tu tuendelee na kazi. Herufi hizi mnazoziona nilikuja kuzikamata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na ndevu, nimekaa benchi moja na mke wangu na ninamwibia majibu.

Sasa nawataja walioniharibia. Nawataja wote, hata marehemu, maana marehemu hawana baraza la kunishitaki. Ila majina siandiki. Mambo ya majina yamenitesa vya kutosha, mtaona wenyewe.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi.

Sisi ni Wanyakyusa, tulikuwa tunakaa Mbeya mjini, nyuma ya soko, katika miaka ile ya hamsini ambapo bado tulikuwa chini ya Mwingereza. Kwetu mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Akisikia anakuja njiani, anaingia majanini anasubiri apite. Na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwake, wala hataki limguse masikioni. Sasa baba yangu, kwa kumpenda mzee wake, nilipozaliwa akanipa mimi jina la babu. Hakufikiri. Akawa amempa mkewe mtoto ambaye hawezi kumwita.

Mama akaniita Tata, yaani baba. Nikikimbia kuoga, alisimama uani akapiga kelele, "Tata! Tata, njoo!" mpaka majirani waliohamia karibuni walidhani anamlilia mzazi wake aliyekufa. Mimi nami nilikatazwa kulitaja jina lile mbele yake. Nililitaja mara moja nikicheza, mama akatupa mwiko akatoka nje mbio kama nyumba inaungua. Kilichoungua kilikuwa ugali. Baba akanichapa, nikalala na njaa, na tangu siku hiyo jina langu na njaa vikawa vitu vinavyokwenda pamoja kichwani mwangu.

Basi. Shule.

Mjini Mbeya shule zilikuwa kwa rangi. Watoto wa Wazungu walikuwa na yao huko juu kwenye mikaratusi. Watoto wa Wahindi walikuwa na yao yenye madirisha ya vioo. Sisi wengine wote tuliobaki tulikuwa na vyumba viwili vya matofali mabichi na bati, karibu na machinjio, na kila mtu mweusi wa mjini aliyekuwa na mtoto alitaka amwingize humo. Wenyeji Wasafwa walitaka, wakisema mji umejengwa kwenye mashamba yao. Askari walitaka, na askari walikuwa Wangoni, Wayao, watu wa kila mahali. Wahehe na Wabena waliokuja kufanya kazi barabarani walitaka. Walikuwepo na wale waliokwenda Chunya kuchimba dhahabu, dhahabu ikawachenga, wakaishia mjini na watoto na vikohozi. Na walikuwepo watu wa sokoni na wa bucha, Waislamu, wenye asili ya pwani. Vyumba viwili tu.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akatunga kanuni yake. Huyu alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, soksi mpaka magotini, anatembea kama anakagua gwaride. Huyo ni mkosaji wa pili, mwekeni kando tutamrudia. Kanuni yake ilikuwa hivi: watoto wa Kikristo wana shule zao za misheni huko vilimani kwao, waende huko. Shule ya mjini ni ya watoto wa mjini, hasa wale ambao misheni haiwataki au wao hawaitaki misheni. Mkristo ataingia ikibaki nafasi. Na nafasi haibaki.

Nasi tulikuwa Wakristo. Hilo baba alilijua, ila alijiamini. Alikuwa taniboi kwenye lori la Mhindi mmoja, Mbeya kwenda Iringa na kurudi, na mwalimu alikuwa akituma mchele kwao kwa lori hilo. "Siku ya kuandikisha nitakuwepo," baba alisema. "Nitaongea naye mwenyewe. Na jina nitalitaja mwenyewe."

Siku ya kuandikisha ikafika, baba yuko kwenye matope upande wa Makambako, lori limezama mpaka ekseli. Mvua ya nyanda za juu haina adabu, hailijui ratiba ya mtu. Mama akafunga kanga mbili, akanishika mkono, akamwomba jirani yetu atusindikize kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha.

Jirani huyu ndiye mkosaji wa tatu. Alikuwa mjane, muuza vitumbua, mtoto wa wafanyabiashara wa zamani. Bahari hajawahi kuiona, kazaliwa Iringa, kakulia Mbeya, lakini alizungumza kana kwamba iko pale nyuma ya machinjio. Majina yetu ya kilimani yalimshinda kutamka, kwa hiyo mimi alinipa la kwao, jina zuri la Kiislamu, na akiwa na kitumbua kimevunjika aliniita kwa jina hilo nami niliitika upesi sana. Kwa kitumbua ningeitika hata jina la mbuzi.

Foleni ilizunguka shule. Umri ulipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umeiva, usipogusa rudi ukakue. Mwaka uliotangulia sikugusa. Mkono haukuwa mfupi, ni kichwa kilikuwa kikubwa, na mama alinifariji kwamba kichwa kikubwa ni dalili ya akili. Akili gani hiyo inayomzuia mtu kuingia shule? Mwaka huu niligusa, tena nikalishika sikio nisiliache, mpaka mwalimu akasema, "Inatosha, utaling'oa."

Akachovya kalamu. "Anaitwa nani?"

Mama akainama.

"Mama, jina la mtoto."

"Uliza yeye," mama akasema, na papo hapo akajifunika masikio kwa kanga, akageukia ukuta.

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama. Nikaipima ile kanga. Ilikuwa imechakaa, kanga ya kuvalia jikoni, ingezuia nini? Nikaukumbuka ugali ulioungua.

"Wewe, bwana mkubwa. Jina?"

"Tata."

"Tata nani?"

"Tata tu."

Foleni ikacheka. Mwalimu akaweka kalamu chini. "Nimefundisha Iringa, nimefundisha Njombe, hili sijaliona. Mama hajui mtoto wake anaitwaje. Mtoto naye hajui. Wamekutana wapi hawa? Barabarani? Mwingine aje!"

"Ebo! Mwalimu wangu, mbona una haraka kama unadaiwa?" Ilikuwa sauti ya jirani yetu. Akapita mbele ya watu na sinia lake la vitumbua. "Huyu tunamjua, ni wa hapa hapa nyuma ya soko. Mama yake ni mtu wa haya. Andika." Akalitaja lile jina la kitumbua.

Mwalimu akainua uso. "Dini?"

"Sasa mwalimu, hata na jina hilo waniuliza dini?"

"Aa, mtoto wa mjini! Mngesema mapema." Akaandika.

Mama akashusha kanga. "Tayari?"

"Tayari, shoga. Kaingia."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, mikono miwili, karibu apige magoti. Hakuuliza nimeingia kwa jina gani. Ningekuwa mimi ningeuliza. Au nisingeuliza, sijui. Tulirudi nyumbani tukila vitumbua, na huo ndio ulikuwa mwanzo na kilele cha maisha yangu ya elimu.

Lori liliponyanyuliwa matopeni baba akarudi, akasikia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, akaenda kusema na mwalimu, akarudi taratibu.

"Amesema akifuta hilo jina, anafuta na nafasi," baba alimwambia mama. "Nafasi ni ya huyo aliyeandikwa. Wetu, kwa jina lake na dini yake, aende misheni huko kilimani."

"Kilimani atakaa na nani?" mama akauliza. "Nani atampikia?"

Baba akanigeukia. "Sikiliza. Shuleni itika lile, nyumbani itika hili. Mimi Mhindi ananiita Boi, na mshahara nachukua."

Basi nikawa watu wawili, na wote wawili wajinga. Asubuhi mwalimu alisoma majina, likifika la kitumbua nasema "Nipo!" Saa ya dini, Wakristo wawili watatu waliopenya walikwenda na katekista chini ya mkaratusi, sisi Waislamu tukabaki na maalimu. Nilishika alif na be kuliko wenye dini yao. Maalimu alinisifu mbele ya wengine, akasema nina asili. Jioni nyumbani tulisali sala za kanisani, na usiku mmoja nikasinzia nikaanza kusoma zile za maalimu. Baba akanifinya kiuno, mama akasema, "Mwache, anasali pande zote mbili."

Nilikuwa nimekaa kati ya mtoto wa askari wa Kingoni na mtoto wa bucha. Yule wa bucha alijua siri yangu, kwa sababu alinisindikiza mtoni kuoga siku moja, na mambo mengine mtu hawezi kuyaficha akiwa uchi. Aliniambia, "Wewe Mwislamu wa mkopo." Nikampa nusu ya viazi vyangu kila siku ili mkopo usijulikane.

Nje ya dirisha, kila asubuhi, walikuwepo wanawake na watoto waliokosa nafasi. Walikaa kwenye majani wakingoja mtu augue, ahame, au afe. Mwalimu alikuwa amesema wazi: asiyeitika jina lake, nafasi yake inatoka siku hiyo hiyo. Nami niliitika kwa nguvu kuliko wote. Najua kila mtu huiona shule yake ya kwanza tamu, lakini mimi niliipenda kweli. Kibao, kichokoo cha kukiandikia, hata harufu ya machinjio. Nilikuwa nimefika kwenye herufi ya "m", ninaandika "mama" bila kutazama.

Ndipo akaja babu.

Huyu ni mkosaji wa nne, na kwa mapenzi yangu kwake nilitaka kumruka. Alikuwa mzee wa Rungwe, mwenye migomba, mwenye koti zito la kizungu alilolipata Chunya enzi za dhahabu, na dhahabu yenyewe ndilo koti hilo. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mjukuu wake mwenye jina lake amepata shule mjini. Hakuambiwa mengine. Akateremka na lori la ndizi kuja kulisikia jina lake likiitwa na mwalimu. Hicho tu ndicho alichokifuata. Hakutaka pesa, hakutaka chai.

Nyumbani kwetu hakuingia, maana mama alikuwepo. Alifikia kwa ndugu wa ukoo ng'ambo ya kijito, akatuma mtoto aje kuniita. Baba alikuwa tena safarini Iringa. Mama alipojua nani amekuja, alihamia kwa jirani yetu, akaniambia, "Tata, kesho mwambie mzee asiende. Mwambie shule imefungwa. Mwambie chochote." Yeye mwenyewe asingeweza kumwambia hata neno moja. Kazi yote ikawa ya kinywa changu. Lakini kinywa changu kilipofika kwa babu kilipewa kazi nyingine: alikuwa amebeba miwa, ile myeusi laini. Tulitafuna mpaka kiza. Kila nikitaka kuanza, ananiambia, "Chukua na hiki."

Asubuhi akavaa koti, akakamata fimbo, tukaongozana. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi.

"Mwagona, mwalimu," akasalimu kwa kikwetu.

"Salama, mzee. Unataka nini?"

"Endelea tu. Nasubiri jina langu."

"Jina lako? Mzee unataka kuanza darasa la kwanza?"

Darasa zima likacheka, na babu naye akacheka, maana alikuwa mtu mwenye furaha siku ile. "Jina langu liko ndani ya mtoto huyo hapo," akasema, akaninyooshea fimbo.

Mwalimu akaanza kusoma. Askari kaitika. Bucha kaitika. Likaja la kitumbua.

Nikanyamaza.

Akalirudia. Mtoto wa bucha akanipiga kiwiko. "Itika, wewe! Itika!"

"Yupo au hayupo?" mwalimu akauliza, na ananitazama usoni kabisa. Alinijua. Nilishamfagilia nyumba, nilishamchotea maji. Angeweza kuweka alama ya "yupo" akapita, nani angemuuliza? Ndiyo maana nikasema nitamrudia. Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama mzee na koti, na mwalimu hakutaka kuonekana na mzee wa kilimani kwamba hajui kazi yake.

"Mbona hujaniita?" babu akauliza.

"Jina lako ni nani, mzee?"

Babu akalitaja, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mwalimu akapitisha kidole toka juu mpaka chini.

"Halimo."

"Tazama vizuri."

"Mzee, hawa nawaita kila siku. Halimo humu."

Babu akanigeukia. Furaha ilikuwa bado haijamtoka yote, imebaki kidogo pembeni mwa mdomo, inasubiri. "Wewe ni nani?" akaniuliza.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningesema la kitumbua, ningebaki, na leo pengine ningekuwa karani, nina tumbo na miwani. Nikalisema la babu. Sikulisema kwa ushujaa, msije mkanivika kilemba. Lilitoka lenyewe, nikiwa nimeona ule mdomo wake.

"Na huyu niliyemwandika hapa ni nani?" mwalimu akauliza.

"Simjui," nikasema.

Mjinga gani hujikana hivyo, shingo imenyooka, mbele ya mashahidi? Mtoto wa bucha akajishika kichwa.

"Kama humjui, basi huyo hayupo," mwalimu akasema. "Na wewe hukuandikwa." Akageukia dirishani, akamwita mwanamke wa Kisafwa aliyekaa kwenye majani na binti yake. "Njoo na mtoto." Yule binti aliingia akakaa mahali pangu, na kibao changu akakishika, na mimi bado sijatoka mlangoni.

"Twende," babu akasema. "Shule isiyonijua haiwezi kumfundisha mwanangu." Alisema atanipeleka misheni kwao, na kweli alinipeleka mwaka uliofuata. Kule wakapima mkono, ukapita sikio ukafika shavuni. Wakasema nimezidi umri.

Tukashika njia ya kurudi. Babu akakata muwa uliobaki, akanipa nusu. Karibu na kijito kuna mahali mabingobingo yameota pande zote mbili za njia, na mbele yetu nikamwona mama anakuja mbio. Nadhani alishapashwa habari na watu wa sokoni. Alikuwa anakimbia, kanga imelegea, mkono mmoja juu kama mtu anayesimamisha lori. Kisha akamwona aliyenishika mkono.

Akasimama. Akaingia kwenye mabingobingo.

Babu aliinamisha macho, akakohoa kwa heshima, tukapita. Ndivyo ilivyotakiwa. Majani yalikuwa yanatikisika, na ncha ya kanga ilibaki nje. Ningeweza kuchomoka mkononi mwa babu nikamkimbilia. Angenishika, tungerudi shuleni, yule binti pengine hata hajazoea benchi. Nilipita nikitafuna.

Baba alifika mchana uleule, matope mpaka mapajani, hata hakunawa, akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alimwambia kwamba nafasi imekwishatolewa, tena kwa mwenyeji, na kwamba mchele wa Iringa atautafutia lori lingine. Baba akarudi akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, hakumchapa mtu. Ningependa angechapa.

Jioni babu alikuwa ameshaondoka na lori la ndizi, na mama akatoka kwa jirani akarudi jikoni. Alikuwa anachambua mboga za maboga, anavuta zile nyuzi taratibu. Nikakaa karibu yake.

"Nilikuwa kwenye mabingobingo," akasema.

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Niliona kanga."

Akavuta uzi, akaukata. "Ulikuwa unatafuna nini?"

"Muwa."

"Mtamu?"

Nikamwambia ulikuwa mtamu.

"Basi heri, Tata, umepata hata huo," akasema, akachukua jani lingine.